Mtoto aliingia wodini na malaria, siku ya sita akawekewa oksijeni: virusi hivi vilitoka wapi?

#1 Mama_Ahero

Hamjambo wanajamvi. Mwezi uliopita mwanangu wa miezi kumi na minne alilazwa kwa malaria kali katika hospitali moja ya rufaa huku kwetu, magharibi mwa Kenya. Siku aliyolazwa hakuwa na kikohozi wala kamasi, na afisa wa kliniki aliyempokea alimsikiliza kifua kisha akaandika kwenye faili kwamba ni kisafi. Siku ya tatu homa ilishuka, akaanza kunyonya vizuri na hata kunivuta leso kichwani. Usiku wa siku ya tano akapiga chafya mara mbili tatu. Alfajiri kamasi nyepesi zikawa zinachuruzika. Na kufikia jioni ya siku ya sita kifua kilikuwa kinalia kama filimbi, na ngozi ya chini ya mbavu ilikuwa inaingia ndani kila alipovuta pumzi. Akawekewa oksijeni. Tulikuwa tumeshaambiwa tujitayarishe kwenda nyumbani, tukakaa siku tisa nyingine.

Kitanda chetu kilikuwa na watoto wawili na mama wawili. Mwenzetu aliletwa siku ya pili, naye mtoto wake alikuwa akikohoa tangu walipofika. Mama huyo simlaumu hata kidogo, kwa kuwa hakuchagua kitanda, na usiku tulipokezana kuwabeba watoto wote wawili ili kila mmoja wetu apate lepe la usingizi. Kifaa cha kupima oksijeni, kile kinachobanwa kwenye kidole cha mguu, kilikuwa kimoja kwa wodi nzima. Nilikiona kikitolewa kwenye kidole cha mtoto huyu kikabanwa kwenye kidole cha yule bila kufutwa.

Daktari aliniambia, "Hii ni virusi, mama." Hata hivyo mtoto alidungwa penisilini na gentamisini. Naomba wenye ujuzi wanisaidie kwa mambo matatu: ni virusi gani huwapata wagonjwa waliolazwa, mwanangu alivipata wapi, na kwa nini atibiwe kwa dawa za bakteria ikiwa daktari anaamini kwamba ni virusi?

#2 Muuguzi_Kondele

Pole sana, mama. Nashukuru umeandika siku moja moja, kwa maana hapo ndipo jibu lako la pili linapoanzia. Kwa kawaida, maambukizi yanayojitokeza baada ya saa 48 tangu mgonjwa kulazwa huhesabiwa kuwa ya hospitalini. Kanuni hiyo inafaa kwa mambo mengi, lakini kwa virusi vya njia ya hewa inaweza kukupoteza, kwa sababu kila kirusi kina muda wake tangu kuingia mwilini hadi dalili kuonekana. Homa ya mafua, yaani influenza, huchukua siku 1 hadi 4. Virusi vya RSV, ambavyo ndivyo vinavyowabana vifua watoto wadogo kuliko vingine vyote, huchukua siku 2 hadi 8, na mara nyingi 4 hadi 6. Adenovirusi vinaweza kukaa kimya hadi wiki mbili.

Kwa hiyo mtoto aliyeanza chafya usiku wa siku ya tano anaweza kuwa aliambukizwa na mwenzake wa kitandani, au kwenye foleni ya mapokezi siku ya kwanza, au nyumbani Ahero kabla malaria haijamwangusha. Naomba utuambie kama kuna mtu yeyote nyumbani aliyekuwa na mafua wiki hiyo.

#3 Mwalimu_Molo

Salamu kwenu. Mimi si mtaalamu wa tiba, ila nimelea watoto sita katika sehemu yenye baridi kali, na kwa uzoefu wangu vifua hubana watoto wanapopigwa na baridi ya usiku. Wodi nyingi zina sakafu ya saruji, blanketi ni moja, na mtoto aliyetoka jasho la homa hulala akiwa na nguo mbichi. Ninaamini virusi huwa vimo mwilini siku zote, na baridi ndiyo inayovifungulia mlango.

#4 Baba_Pacha_Njoro

Mwalimu, uzi wowote ukianzishwa hapa, hata wa mahindi kuoza ghalani, wewe husema ni baridi ya Molo! Nakuheshimu sana, lakini Ahero kuna joto la kukausha omena kwa nusu siku, na bado watoto wa huko hubanwa na vifua.

Yangu ni haya. Pacha wangu walizaliwa kabla ya wakati, wakalazwa katika kitengo cha watoto wachanga. Kaka yao wa darasa la pili hakuruhusiwa kuingia, na siku moja nilimpitisha kwa huruma zangu, kwa kuwa alilia sana akitaka kuwaona. Alikuwa na kamasi kidogo tu. Siku nne baadaye pacha mmoja alianza kusahau kupumua: anatulia, anageuka rangi, muuguzi anampapasa nyayo, anarudi. Waliniambia kwamba kwa watoto njiti virusi vya mafua vinaweza kuanza hivyo, bila kikohozi chochote. Tangu siku hiyo ninaamini kwamba wageni ndio wanaoingiza ugonjwa wodini, nami nilikuwa mgeni wa kwanza kufanya kosa hilo. Pacha wote wako hai, wana miaka mitano.

#5 Mpima_Sampuli

Nafanya kazi katika maabara, nami nitajibu swali la kwanza la mleta uzi.

Utafiti mkubwa kuhusu jambo hili unaitwa PERCH. Ulifanyika katika nchi saba za Afrika na Asia, na matokeo yake makuu yakachapishwa 2019. Walichukua watoto wa mwezi 1 hadi miezi 59 waliolazwa kwa nimonia kali, zaidi ya elfu nne, wakawalinganisha na watoto zaidi ya elfu tano wa mitaa ileile ambao hawakuwa na nimonia. Miongoni mwa wagonjwa wasiokuwa na virusi vya ukimwi ambao eksirei zao zilionyesha kasoro, takriban asilimia 61 ya nimonia ilihusishwa na virusi, 27 na bakteria, na karibu 6 na kifua kikuu. RSV peke yake ilibeba asilimia 31. Vingine vilivyotajwa ni rinovirusi, parainfluenza, influenza, na metapneumovirusi, ambavyo vilitambuliwa mara ya kwanza Uholanzi 2001 ingawa vilikuwa vikiwasumbua watu miaka mingi kabla ya hapo.

Naomba jambo moja lisomwe kwa makini, kwa kuwa hata wataalamu huteleza hapo. Watoto wale wasiokuwa na nimonia, walipopimwa puani, wengi wao nao walikutwa na virusi. Rinovirusi vilikutwa kwa wagonjwa na kwa wazima kwa viwango vinavyokaribiana. Kipimo cha PCR, kinachotafuta chembe za urithi za kirusi, hunasa hata mabaki ya kirusi kilichopita wiki kadhaa nyuma. Kwa hiyo nikikutolea karatasi inayosema "rinovirusi vimeonekana", sijakuambia kwamba ndivyo vilivyombana mwanao. RSV ni tofauti kidogo, kwa sababu ni nadra kuikuta kwa mtoto asiye na dalili. Ikionekana kwa mtoto anayebanwa, kuna sababu nzuri ya kuishuku.

Mwalimu_Molo, dai lako la #3 kwamba virusi vimo mwilini siku zote halisimami kwa RSV wala kwa influenza. Hivyo lazima vitoke kwa mtu mwingine.

#6 Nyar_Asembo

Asante, Mpima_Sampuli. Umenikumbusha tulivyokuwa tukitembelewa nyumbani Asembo. Wahoji walipita boma kwa boma wakiuliza nani ana homa, nani anakohoa, na aliyeugua alipelekwa hospitali ya Lwak, akatibiwa bila malipo na kuchukuliwa sampuli. Ulikuwa mradi wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa. Kijiti chenye pamba kiliingizwa puani hadi machozi yakatoka, kikazungushwa, kikatiwa kwenye kichupa, na kichupa kikawekwa kwenye boksi la barafu. Mama mkwe wangu aliamini kwamba kijiti kile ndicho kilichoponya, kwa vile kila aliyechokonolewa pua alipata nafuu baada ya siku mbili! Nadhani utafiti wa nchi saba uliotaja ulifanyika hukohuko kwetu.

#7 Mzee_wa_Milimani

Mnasahau viwanja vya ndege. Mwishoni mwa Juni 2009, mgonjwa wa kwanza wa homa ya mafua mapya ya H1N1 kuthibitishwa nchini Kenya alikuwa mwanafunzi kutoka Uingereza aliyefika Kisumu hapa pamoja na wenzake, wakawekwa karantini hotelini. Nakumbuka jinsi mji ulivyotahayari. Korona nayo ililetwa na abiria Machi 2020. Kwa maoni yangu virusi hivi huingizwa kutoka nje, na wodi zetu hupokea tu yaliyoletwa.

#8 Mpima_Sampuli

Masahihisho mawili. Dada Nyar_Asembo, kituo cha Kenya katika PERCH kilikuwa Kilifi, pwani. Kazi ya Asembo na Lwak ilikuwa nyingine, na ilikuwa na thamani yake, kwa sababu iliwahesabu hata watu wanaougulia nyumbani bila kufika hospitali.

Mzee wangu, habari ya 2009 ni sahihi, lakini aina mpya ya influenza ikishaingia hubaki na kuzunguka nasi miaka yote, na huku kwetu huonekana karibu kila mwezi wa mwaka. RSV nayo haisubiri ndege. Ina watoto wa kutosha wa kuambukiza kuanzia Busia hadi Naivasha.

#9 Mfamasia_Nakuru

Nimjibu Mama_Ahero swali la tatu, kwa kuwa linaniuma kila siku nikitoa dawa.

Daktari wako anaweza kuwa alisema kweli na bado akawa na haki ya kuandika sindano. Miongozo ya nimonia katika hospitali zisizo na vipimo vya haraka imejengwa juu ya pumzi: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, na wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, anahesabiwa kuwa na nimonia. Oksijeni ya damu ikishuka chini ya asilimia 90, au akishindwa kunyonya, ni nimonia kali, na hapo ndipo penisilini na gentamisini zinapoingia. Pumzi haimwambii daktari kama chanzo ni kirusi au bakteria. Akisubiri kujua, na kumbe ni bakteria, mtoto anaweza kufa usiku huohuo.

Kuna jambo la pili. Virusi hufungua njia. Influenza huchubua utando wa njia ya hewa, kisha bakteria waliokuwa wametulia kooni wakateremka mapafuni. Katika janga la mafua la 1918, vifo vingi vilitokana na nimonia ya bakteria iliyofuata nyuma ya kirusi. Zaidi ya hayo, mtoto anayetoka kwenye malaria kali huwa katika hatari ya bakteria wa damu, hasa salmonela zisizo za taifodi, na huku magharibi jambo hilo linajulikana vizuri.

Walakini ninakiri kwamba tunalipia. Mtoto mwenye RSV ya kawaida hafaidiki na penisilini wala na dawa za steroidi. Anafaidika na oksijeni, maji ya kutosha, na pua iliyosafishwa. Kila sindano isiyohitajika huwapa bakteria wa wodini nafasi ya kuzoea dawa.

#10 Mama_Ahero

Asanteni nyote. Muuguzi_Kondele, umeuliza juu ya nyumbani. Nilikaa na mume wangu tukahesabu. Binti yetu wa PP2, yaani chekechea, alikuwa na kamasi wiki ile, lakini huwa nazo karibu kila wiki. Halafu kuna jambo nililolisahau: bibi yake mtoto alikuja kututembelea siku ya tatu, akambeba mjukuu kwa saa nzima, naye alikuwa na mafua, akipenga kwa leso na kuirudisha kifuani.

Eksirei ilipigwa siku ya saba. Daktari alisema mapafu yalikuwa yamejaa hewa kupita kiasi, ila hakuona doa kubwa upande mmoja. Hakuna sampuli ya pua iliyochukuliwa, na nilipouliza niliambiwa kwamba kipimo hicho hakifanywi hapo.

#11 Sista_Mstaafu

Wanangu, nimesoma uzi huu kuanzia juu hadi chini. Nilifanya kazi katika wodi za watoto kwa miaka zaidi ya thelathini, Bonde la Ufa na Nyanza.

Nilipoanza kazi, kirusi kilichotutoa machozi kilikuwa surua. Chanjo ilikuwa imeshaanza kusambazwa, lakini si kila boma lilifikiwa. Mtoto mmoja mwenye surua akilazwa asubuhi kwa kuharisha, kabla vipele havijatoka, baada ya siku kumi au kumi na mbili tulikuwa na safu nzima ya macho mekundu, na walioondoka walikuwa wameshaibeba hadi vijijini. Waliokufa walikufa kwa nimonia. Tulikuwa na chumba kimoja cha pembeni chenye vitanda vinne, na nimewahi kuhesabu watoto kumi na mmoja humo.

Kisha 2001 ikaja chanjo ya Hib, na mapema 2011 ikaja ile ya nyumokoka, bakteria wawili wanaoleta nimonia kali. Wale watoto waliokuwa wakija na usaha katika mapafu, tukiwawekea mpira ubavuni na chupa chini ya kitanda, wakapungua mbele ya macho yetu. Kwa hiyo vijana wanapotaja asilimia 61 za virusi, naomba mkumbuke kwamba sehemu ya ukubwa huo imetokana na bakteria kupunguzwa na chanjo, si kwamba virusi vimeongezeka.

Sasa niseme linalonikaa moyoni. Muuguzi naye ni njia. Mwaka mmoja nilipata mafua mazito na nilikuwa peke yangu zamu ya usiku, watoto arobaini na watatu. Kusema "siji" kulikuwa na maana kwamba hakuna atakayekuja. Nikaenda. Nilichanganya dawa, nikawashika, nikawafuta jasho, na bomba la maji lilikuwa mwisho wa wodi, upande ule mwingine wa vitanda vyote. Kabla ya wiki kwisha watoto watatu waliolazwa kwa mivunjiko ya mifupa, ambao hawakuwa na sababu ya kukohoa, walikuwa wanakohoa. Mmoja alihitaji oksijeni siku mbili. Hakuna aliyeniuliza, nami sikumwambia mtu hadi leo ninapoandika hapa. Mama_Ahero ametaja kitanda, bibi na kifaa cha kidoleni, na mimi ninamwongezea mikono ya watu wa zamu.

#12 Daktari_Mwanagenzi

Sista, shikamoo, na asante kwa ukweli huo.

Naomba kuwa mpinzani kidogo. Tunazungumza kana kwamba imekubalika kwamba ni virusi. Kuna uchunguzi unaoitwa CHAMPS ambao hapa Kenya unafanyika Siaya na Manyatta, Kisumu. Mtoto akifariki na wazazi wakiridhia, huchukuliwa vipande vidogo vya mapafu na viungo vingine kwa sindano, muda mfupi baada ya kifo, ili kujua kilichomuua. Bakteria aitwaye Klebsiella alijitokeza mara nyingi sana katika vifo vya watoto katika nchi za uchunguzi huo, wengi wakiwa wamekufa hospitalini, na ni bakteria anayejulikana kwa kukaa wodini na kuzishinda dawa tulizozizoea. Mara nyingi pia alikutwa pamoja na malaria, utapiamlo na virusi, vyote kwa mtoto mmoja. Mtoto anayeharibikiwa siku ya tano au ya sita hospitalini, mimi humfikiria Klebsiella kwanza, kirusi baadaye. Tena kwa mtu mzima au mtoto anayeishi na virusi vya ukimwi, orodha ya kuwaza huwa ndefu zaidi.

#13 Muuguzi_Kondele

Daktari, nakubali kwamba Klebsiella ni wa kuogopwa, ila rudi #1 na #10. Mtoto alianza kwa chafya na kamasi nyepesi, kifua kikalia filimbi, eksirei ikaonyesha hewa iliyonaswa mapafuni. Hiyo ni sura ya mirija midogo iliyovimba kwa kirusi. Klebsiella hapigi chafya kwanza.

#14 Daktari_Mwanagenzi

Ni kweli kwa mwanzo wake. Kuhusu kilichomweka kwenye oksijeni kwa siku nyingi, bado sijaridhika kwamba kirusi kilikuwa peke yake.

#15 Fundi_Mitambo

Kazi yangu ni kutengeneza konsentreta, yaani mashine zinazochuja oksijeni kutoka hewani, na kukarabati majengo ya hospitali, kwa hiyo nitasema ninayoyaona kwa macho.

Wodi za zamani zilijengwa na madirisha pande zote mbili, yakitazamana, na dari ya juu, ili upepo uingie huku utokee kule. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009, linapendekeza kwa wodi za kawaida zinazotegemea upepo wastani wa lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Wagonjwa wakiwa wawili kitandani, pamoja na mama zao, hesabu hiyo imeshavunjika hata dirisha likiwa wazi. Nimeingia wodi ambazo upande mmoja wa madirisha umezibwa kwa kuta za ofisi mpya, na upande wa pili vioo vimepigwa rangi. Nakuru iko juu kiasi cha mita 1,850. Julai usiku hakuna mama atakayekubali dirisha liachwe wazi juu ya kichwa cha mtoto mgonjwa, nami siwezi kumlaumu. Asubuhi nikifungua mlango wa wodi ya namna hiyo, hewa hunigonga usoni kama ya gari lililofungwa juani.

Kuhusu oksijeni: konsentreta moja hugawanywa kwa watoto wanne au watano kwa mipira. Ile mipira ya puani hutakiwa kuwa ya mtoto mmoja mmoja. Ikipungua, huoshwa na kurudishwa.

#16 Mwalimu_Molo

Baba_Pacha, umeona sasa? Fundi ameniokoa. Sikujua njia yake, lakini baridi imo: baridi hufunga dirisha, dirisha lililofungwa huhifadhi pumzi za wagonjwa. Ninaondoa maneno yangu kwamba virusi vimo mwilini siku zote, kama Mpima_Sampuli alivyonisahihisha, na ninaongeza moshi. Jikoni kwetu tunapika kwa kuni, mtoto yuko mgongoni, na mapafu yake hufika wodini yakiwa yameshachoka.

#17 Baba_Pacha_Njoro

Mwalimu, kwa dirisha nimekubali. Nitakuletea sweta nikipita Molo.

#18 Mpima_Sampuli

Kuhusu kifaa cha kidoleni alichokitaja mleta uzi: RSV inaweza kubaki hai kwenye sehemu ngumu na laini kama plastiki kwa takriban saa sita, na mikononi kwa karibu nusu saa. Influenza hudumu siku moja hadi mbili kwenye chuma na plastiki. Kufuta kwa spiriti kati ya mtoto na mtoto hutosha kwa hivyo viwili, kwa kuwa vina utando wa mafuta unaoyeyuka. Adenovirusi havina utando huo, huishi wiki kadhaa kwenye meza na vitasa, na spiriti ya kupaka mikononi haiviwezi vizuri. Hapo ni maji yanayotiririka na sabuni, na klorini kwa vifaa. Ndiyo maana bomba la Sista lililokuwa mwisho wa wodi limeniumiza.

#19 Nyar_Asembo

Mke wa mwanangu ni mjamzito wa miezi saba. Nimesikia kuna chanjo ya RSV ya wajawazito. Je, ingemsaidia mtoto kama huyu wa Mama_Ahero?

#20 Mfamasia_Nakuru

Chanjo ipo, mama. Mjamzito hudungwa katika miezi ya mwisho, kinga ikapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Ipo pia kinga iliyokwisha tengenezwa ambayo hudungwa mtoto mwenyewe anapozaliwa. Shirika la Afya Duniani limezipendekeza zote mbili. Mwaka 2019 RSV ilikadiriwa kuua watoto zaidi ya laki moja wa chini ya miaka mitano, na asilimia 97 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, hata hivyo chanjo ilitangulia kwa walio na pesa. Muulize mkunga kliniki. Kwa mjukuu atakayezaliwa, ndiyo, ingefaa, kwa maana ulinzi wake mkubwa ni miezi ile mitano sita ya kwanza, na hapo ndipo RSV inapoua zaidi. Kwa mtoto wa miezi kumi na minne, kinga ya mama ingekuwa imeshakwisha.

#21 Mama_Ahero

Nimerudi. Leo nilimpeleka kliniki, kifua ni kizuri, ameongeza gramu mia nne. Niliporudi nilimpigia simu yule mama tuliyelala naye kitanda kimoja, kwani tulibadilishana namba. Mwanawe alikuwa na miezi sita wakati ule, na alikuwa amekohoa siku tatu kabla ya kuletwa. Amepona, ameota jino.

Nikampigia bibi pia. Amesema mafua yake yalianza siku ileile aliyokuja, akiwa ndani ya matatu, na majirani zake wawili walikuwa nayo. Halafu binti yetu wa PP2 akadakia, akasema darasani mwao mwalimu aliwarudisha nyumbani watoto wanne wenye vikohozi wiki ile. Nimeweka siku zote kwenye karatasi mbele yangu na ninaona milango mitatu iliyo wazi.

#22 Muuguzi_Kondele

Nimezihesabu nami. Kutoka kwa bibi hadi chafya ya kwanza ni siku mbili: inaafiki influenza au rinovirusi. Kutoka kwa mtoto wa kitandani ni tatu: inaafiki influenza, na RSV kwa ukingo wake wa mapema. Kutoka kwa dada yake nyumbani ni tano au zaidi: hiyo ndiyo RSV ya kawaida kabisa. Mama, mtoto wa kitanda cha jirani, upande wa dirishani, alikuwa amelazwa kwa ugonjwa gani?

#23 Mama_Ahero

Alikuwa ameungua kwa uji. Alianza kukohoa siku moja kabla ya mwanangu.